Kivuli Namba Thelathini na Moja

Kazi yangu ni kipimo cha shaba, kirefu kama kiganja.
Sentimita kumi na tatu na nusu, mkia peke yake.
Unaofika unapita. Usiofika unaandikwa,
na mwenye nao anasaini, hata akiwa padri.

Sheria ni msumeno, watu husema.
Mimi msumeno sijauona. Nimemwona kaka yangu Gener
mbele ya meza yangu mwezi wa Februari,
maji yakimchuruzika magotini,
gunia lina mikia ishirini na miwili,
kumi na saba mifupi.
Niliandika: kumi na saba. Mkono haukutetemeka.
Ulitetemeka baadaye, nikimenya vitunguu.

Ushirika ulikaa usiku mmoja tu.
Don Nicanor Poot alisoma jina,
feni ikamkatakata maneno.
Miezi iliyobaki, bila shamba.

Shamba lenyewe hulioni. Ni kipande cha ghuba
kisicho na uzio wala hati; mpaka wake
ni mikoko hapa, doa la mchanga mweupe pale,
na kumbukumbu za majirani.
Chini tumelaza mabamba ya saruji juu ya magogo,
tunayaita vivuli.
Kamba-koche hahitaji zaidi ya hapo.
Usiku hutoka kuwinda konokono kwenye nyasi za bahari,
alfajiri hurudi, akaingia kinyumenyume,
papasi nje, ubavu kwa ubavu, thelathini, arobaini,
kila mgeni akivutwa na harufu ya waliomtangulia.

Gener hakutukanwa na mtu. Walihama tu.
Akikaa kwenye benchi la duka la Wilma Canul,
mmoja kakumbuka mafuta ya injini,
mwingine kaitwa na mtoto asiyesikika.
Mimi pia, kanisani, nilikaa upande wa pili.
Nilijiambia ni kwa sababu ya feni.

Julai msimu ukafunguliwa, shamba likarudi.
Siku ya tatu alikuja bila gunia.
"Thelathini na moja ina mmoja," alisema.
"Mkubwa, miguu yote anayo. Juzi walikuwa arobaini."
Suemy, binti wa utafiti, akaacha chupa zake,
wakaenda, wakamleta ndani ya ndoo.
Akamchoma sindano kwenye kiungo cha mguu.

Damu ya kamba-koche ni angavu kama chozi.
Ya huyu ilitoka maziwa.

"Wenzake walijua kabla yetu," alisema Suemy.
"Wananusa ugonjwa kwenye mkojo wake, wanahama
kabla hajawaambukiza.
Hata kama nje hakuna paa. Hata kama nje kuna chewa.
Ndivyo ghuba inavyojiponya."

Gener aliinama juu ya ndoo, kimya,
mpaka nzi akatua shingoni mwake asimfukuze.
"Na yeye," aliuliza, "anajua kwa nini?"
Suemy akafunga chupa.
Hilo, alisema, hakuna aliyelipima.

Jioni alileta kamba wake, hai, ndani ya maji.
Nikapima mmoja mmoja, kama ninavyompimia yeyote,
labda polepole zaidi.
Wa mwisho alikosa upana wa ukucha.
"Pima tena," alisema.
Nikapima tena. Shaba haina kaka.
"Mfupi."
Akacheka, kicheko kikavu, kama mtu anayekohoa,
akasaini, akamshika yule mdogo mgongoni
na kuelekea mwisho wa gati.

Kitabu nilikiacha wazi mezani,
jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa miaka kumi na mmoja.
Nikaketi kando yake. Mbao zilikuwa mbichi kwa maji,
sketi ikalowa mpaka kiunoni,
hatukuongea la maana: bei ya barafu, jino la mama.
Akafungua mkono.
Yule mfupi akazama kinyumenyume,
papasi zikipapasa maji huku na huku,
zikitafuta harufu ya mlango.