Kina cha Nne Nukta Tano

Gia aliileta Bi Akwimbi kutoka Nanyamba,
imefungwa ndani ya gunia la korosho
kama kuku mgonjwa.
Meno sita yamekatika, mengine yamelika
kama ya mla ugoro.
"Kiwanda kimelala. Wanawake ishirini na wawili
wamekaa barazani wanasukana nywele.
Dar wanasema wiki sita. Msimu utatusubiri?"

Fundi Nandonde alihesabu kwa chaki,
akafuta, akahesabu tena.
Thelathini na saba.
"Nani mwenye akili anakata meno thelathini na saba?"
Kisahani chake cha kugawia, chenye matundu ya hesabu hiyo,
kilipotea karakana ya bandarini, mwaka ambao hata yeye anaubishia.
Akanitazama. Hakusema, "Somoe, fanya wewe."
Alisogeza tu kiti chake mbali na kioo cha mashine.

Nikaketi kuandika.
Mia tatu na sitini, gawanya kwa thelathini na saba:
tisa nukta saba mbili tisa, saba mbili tisa, saba mbili tisa,
hesabu isiyotaka kwenda kulala.

Shuleni Chuno walitufundisha: shairi lina mizani na vina.
Hapa pia nina mistari, kila mmoja na namba yake.
Mizani ninayo, ya kupimia feleji.
Kina ninacho, ila si mlio wa mwisho wa mstari;
ni kiasi kisu kinavyozama
ndani ya kitu kigumu.

Kina: nne nukta tano.
Mimi nikaandika arobaini na tano.

Nukta! Kidoa ambacho nzi angekiacha bila kujua.
Kisu kikateremka kama kinachimba kisima,
kikalia mara moja, kikavunjika,
kipande chake kikagonga kioo usawa wa uso wangu.
Mashine haikukosea. Ilifanya nilichosema,
na hilo ndilo lililoniuma:
ningekuwa nazungusha gurudumu kwa mkono,
mkono ungeshtuka, ungeniuliza,
"Una hakika?"

Bi Akwimbi alikuwa amesimama mlangoni.
Nikamwambia, nimeharibu. Chuma cha elfu themanini. Nitalipa mimi.
Akauliza, "Kimebaki kingine?"
Kimoja.

Umeme ukakatika saa kumi, ukarudi saa mbili usiku.
Mashine ilikuwa imesahau sifuri yake,
haijui tena dunia inaanzia wapi.
Nikaitafutia kwa karatasi ya sigara ya Fundi,
unywele kwa unywele, mpaka karatasi ikashikwa.
Nikasoma mistari yote kwa sauti,
kidole juu ya kila nukta.
Nikabonyeza kijani.

    Mashine inazunguka, chuma kinatoa wimbo,
    Maji meupe yaruka, kisu hakiendi kombo,
    Nyuzi za moto zashuka, zajikunja kama chambo,
    Jino moja limetoka, thelathini sita bado.

Jino la mwisho ndilo lisemalo kweli.
Hesabu ikiteleza njiani, hata kidogo,
makosa yote huja kukusanyika pale,
na jino huzaliwa jembamba, kama mtoto wa njaa.
Thelathini na tano. Thelathini na sita.
Sikutazama. Nilitazama viatu vya Fundi,
ambaye tangu magharibi alidai anaondoka.

Alilitoa mwenyewe, bado la moto.
Akapitisha ukucha, kisha maikromita, kisha ukucha tena,
kana kwamba maikromita ndiyo iliyohitaji shahidi.
"Hm," alisema.
Akanivutia kiti chake.

Gia ikaondoka na bodaboda kabla ya jua,
ndani ya gunia lile lile. Haina jina langu popote.
Ile niliyoiua naizuilia mlango wa karakana.
Upepo ukivuma inakwaruza saruji,
nami, popote nilipo kwenye mstari,
narudi kutazama nukta.