Mwimo wa Mlango

Kazi yangu ni kupiga chapa viapo,
ghorofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la vioo vya magari.
Wakili Kerubo husema, mimi huandika:
Kwamba mimi ni mama mzazi wa mtoto aliyetajwa.
Kwamba mjibu maombi aliondoka naye tarehe tisa Agosti,
akisema ni likizo ya wiki mbili kwa nyanyake.
Kwamba hawajarudi.
Nukta. Aya inayofuata.

Bi Nafuna alikalia kile kiti chenye mguu mfupi
na hakikuyumba hata mara moja.
Miezi mitano. Tikiti ya kurudi bado anayo kwenye simu:
31A, dirishani,
kiti kilichorudi Nairobi kitupu.

Wakili hakumpa pole; pole aliitia kwenye chai.
Akamweleza mambo yalivyo:
upo mkataba wa mataifa kuhusu watoto wa namna hii,
lakini mkataba ni kama chama,
asiyejiandikisha hachangiwi, na nchi ile haimo.
Basi tutapita uani: amri ya Milimani,
wakili wa kule, barua kwa ubalozi,
na subira, ambayo haikatiwi risiti.
Ila kwanza, akasema, tuthibitishe nyumbani kwa mtoto ni wapi.

Bi Nafuna alicheka kicheko kikavu.
"Nyumbani? Nithibitishe?"

Uchungu wa mwana, wasema, aujuaye ni mzazi.
Sawa. Lakini jaji atauliza: kielelezo nambari ngapi?

Akaleta kadi ya kliniki yenye doa la uji.
Akaleta risiti za shule, South B, mihula miwili.
Daftari la hesabu, saba zote zimegeuka nyuma.
Kitabu cha maktaba kilichopitisha siku, faini shilingi arobaini,
na arobaini zenyewe ndani ya bahasha.

Jumatatu akaja na mwimo wa mlango.
Naam, mwimo. Ubao wa futi saba
fundi ameung'oa chumbani,
umeviringishwa leso, amepanda nao ngazi zote
bawabu akidhani anauza mbao.
Aliufungua polepole, kama anayemvua mtoto sweta.
Mistari ya penseli: Miaka miwili. Mitatu. Baada ya surua.
"Hapa alidanganya, alisimama kwa vidole."
Na ule wa juu kabisa, tarehe saba Agosti,
sentimita mia moja na kumi na mbili.

Wakili Kerubo, asiyenyamaza hata mbele ya jaji,
akanyamaza.

Masjala waliukataa. Karani aliupima kwa macho,
"Hapa tunapokea karatasi, dada."
Tukaupiga picha, nakala nne, kielelezo cha saba,
na pichani mistari ile ikawa kama mikwaruzo ya paka.

Kortini mtoto hana jina; ni herufi mbili, N.W.
Jaji alisoma, akafunua ukurasa, akarudi.
"Huu wa juu ni wa lini?"
"Siku mbili kabla ya safari, Mheshimiwa."
Akaandika kitu. Hatukukiona.

Amri tulipata. Ina muhuri, ina sahihi,
na nguvu zake zinakoma pale Kenya inapokoma.
Wakili wa kule amejibu: shauri litatajwa mwezi wa tatu.
Kutajwa, si kusikizwa. Tofauti hiyo
nilimweleza Bi Nafuna mara mbili;
mara ya tatu alinieleza yeye.

Mwimo hakuuchukua. Umeegemea ukuta
nyuma ya mlango wetu, na kila mteja huugonga akiingia.
Jioni, kabla ya kuzima taa, husimama kando yake.
Mstari wa juu hunifika mbavuni.
Juu yake ni ubao mtupu.
Mtoto wa miaka sita, nasikia, huongeza
sentimita moja kila miezi miwili.
Najua alama ingefika wapi. Penseli iko sikioni.
Sichori.
Nimeandika viapo vingi mno
kutolea ushahidi nisichokiona.