Mgongo Wazi

Kashindye aliziweka mbili juu ya kioo cha kaunta,
katikati ya betri za saa na chaja zilizokwisha maisha,
akasema: Chagua mwenyewe, bwana mizani, usinitazame mimi.
Nilikuwa nimetoka ghala la tumbaku, vidole vya kahawia,
pesa ya msimu bado inanuka jani.

Ya kwanza ilikuwa imezibwa.
Nyeusi, nzito, mabakuli mawili yaliyofunikwa.
Nikaivaa, na soko la Kanyenye likafutika:
muuza karanga akabaki mdomo tu,
bodaboda ikapita kama samaki.
Besi ikanikaa kifuani kama mtu anayenidai.
Hii ina nguvu, nikasema.
Kashindye akacheka. Hata debe lina nguvu,
ukiingiza kichwa ndani, mtu akaligonga.

Ya pili ilikuwa na mgongo wazi.
Nyuma ya kila sikio wavu wa chuma, tundu tundu kama chekeche;
ukiinua kwenye mwanga, unaona upande wa pili.
Sauti haivuji?
Inavuja, akasema. Na ya nje inaingia.
Mvua ikipiga bati, umeisikia mvua.
Mtoto wa jirani akilia, ni wako huyo.
Na besi usiitegemee ikubomolee ukuta.
Sijawahi kuona mtu anauza
kwa kuanza na aibu za mali yake.
Nikaivaa.

Sijui nimweleze vipi asiyependa roki.
Katika ile ya kwanza magitaa mawili yalibanana
kama mbuzi wa zizi moja, hujui anayelia ni yupi.
Huku, moja lilisimama mlangoni, la pili dirishani.
Mpiga ngoma alikaa nyuma, hatua sita, saba hivi,
na matoazi yalipolia yalikwenda zao,
hayakurudi kunigonga usoni.
Kisha mwimbaji akavuta pumzi kabla ya kupiga ukelele.
Pumzi ile!
Miaka kumi na moja naujua wimbo huo,
sikujua kama yule mtu anapumua.

Laki moja na tisini. Nikasema na sitini.
Tukaachana kwenye sabini na tano,
na sponji za akiba juu.

Niseme ukweli: nilitaka kitu cha peke yangu.
Nyumba yetu ya Isevya ina meza moja, taa moja,
na Nyamizi na madaftari ya darasa la sita
yanayomngoja kila jioni kama wagonjwa.
Usiku wa kwanza akasema: Kuna nzi kwenye chupa.
Nikapunguza.
Usiku wa pili hakusema kitu, jambo lililonitia hofu zaidi.
Usiku wa tatu nikaona kalamu nyekundu inagonga meza,
tatu, tatu, tatu,
halafu nne, palepale ngoma inapogeuka.
Sikumfundisha mimi.

Nikavua.
Mbona umevua?
Nikakosa jibu.
Huyo mpiga ngoma wako, akasema, jicho kwenye daftari,
anakimbia kila akikaribia mwisho. Mwambie atulie.
Nikavaa tena, nikasikiliza.
Ni kweli, anakimbia.

Treni ya Kigoma ilipiga honi katikati ya gitaa,
ikapita mle mle kwenye wavu wa chuma,
nusu noti chini, haikukosea sana.
Nyamizi akaandika *vizuri* kwenye daftari la mtu,
sijui kama alikuwa amesoma jibu.

Besi naikumbuka, sitadanganya.
Jumamosi nikipita kwa Kashindye
naishika ile iliyozibwa,
naipima uzito kwa mkono, mazoea ya kazi,
naiacha palepale kwenye kioo.
Yeye anajifanya anatafuta bisibisi.