Chupa Zinazorudi

Nilirudi Kibokoni na cheti cha masoko
kimefungwa utepe, kinanukia wino bado,
nikamkuta shangazi Mwanamize uani,
magoti yamelikumbatia karai la embe mbichi,
anapasua ndimu kwa kisu kisicho mpini.

Nikamwambia: Shangazi, achari yako haina chapa.
Akaniuliza: Chapa ya nini, mimi ng'ombe?

Nikamwambia: Huna mteja lengwa.
Akasema: Ninaye Zuhra, ninaye mwalimu Kalume,
na wale vijana wa gereji ya Mwembe Kuku
walao viazi karai kwa achari yangu
mpaka pua zatiririka.
Sasa huyo Lengwa ni mtoto wa nani?

Sikucheka. Nilikuwa nimesoma miaka miwili.

Nikakopa elfu nne kwa simu
nikachapisha bango, mita mbili kwa moja,
kwa jamaa wa Makadara achapishaye kadi za harusi.
Picha niliiokota mtandaoni: bibi mgeni,
meno meupe, kichupa mkononi.
Chini yake: LADHA YA KIPEKEE.

Siku ya kwanza akaja mtu kuuliza dawa ya meno.
Siku ya pili mwingine akatazama juu,
akamtazama shangazi, akatazama juu tena:
Samahani mama, mwenyewe yuko wapi?

Upepo ulipolirarua, Jumatano,
shangazi alilikunja akafunikia kuni.
Hakunena.
Kutonena kwake kuliniuma kuliko riba.

Nikahamia kwenye simu.
Nilipiga picha jua la saa kumi
likipenya mafuta, pilipili imeelea.
Watu mia mbili na kumi na mmoja walitazama.
Sitini wakaweka mioyo.
Mioyo haipimwi kwa kibaba.
Binamu wa Dubai aliandika Mashaallah, nitumie;
nauli hakuitaja.
Na jamaa wa karibu walikuja kutaka bei ya nyumbani,
ambayo ni bure
hadi mwisho wa mwezi usio na jina.

Usiku mmoja akaniita jikoni. Ndoo hapa. Keti.
Mbele yake chupa tupu, zilizorudishwa.
Akainua moja, akainusa.

Hii ya Zuhra. Yarudi imeoshwa, yanukia sabuni.
Huyu hana haraka, mpe na ya ndimu aonje.
Hii ya gereji: grisi kifunikoni,
na ndani imepanguswa kwa mkate hadi kioo chang'aa.
Hao waongeze pilipili, bei usiwapunguzie.
Ya mwalimu imerudi na nusu.
Tumbo hilo. Hasemi, aona haya. Nitamfanyia isiyo kali.
Na hapa (akagusa pengo la rafuni)
tisa hazijarudi.
Masomo yako yasemaje kuhusu hizi tisa?

Hayakusema kitu.

Kesho yake nikavaa viatu nikazifuata.
Tatu zilivunjika. Mbili zimetiwa misumari.
Tatu zimo kabatini mwa watu wenye deni,
waliojificha kwa sababu ya shilingi mia na hamsini;
niliwaambia rudini tu, deni litangoja.
Ya tisa ilikwenda Voi, sandukuni mwa bi harusi.
Huko waliila ikaisha siku mbili,
wakaulizana: ya nani hii?
Hakuna aliyejua. Ilikuwa chupa tu.
Utamu ulifika hadi Voi
ukafa yatima.

Hapo cheti changu kikapata kazi.
Niliazima rangi ya kucha kwa binti wa Zuhra,
nyekundu, imeanza kuganda,
nikaandika kwenye kila kifuniko, mkono ukitetemeka:
Mwanamize, Kibokoni, na namba ya simu.

Shangazi aliisogeza taa. Akasoma jina lake
polepole, kwa kidole.
Kumbe ndiyo chapa hii, akasema. Haichomi.

Deni la bango limebaki elfu mbili na mia tatu.
Jana simu iliita, namba ngeni, sauti ya Voi.
Nilikohoa, nikaanza hotuba yangu ya ladha ya kipekee.
Shangazi akaninyang'anya:
Muulize kwanza ile chupa ataileta lini.