Kitambaa cha Buluu

Yai hutoka kwa kuku na joto la homa.
Nje, Julai ya Concórdia, sakitu imelala juu ya nyasi.
Linapopoa, vilivyomo ndani hunywea,
nalo huvuta pumzi yake ya kwanza
kwa maelfu ya vitundu ambavyo jicho halivioni,
na chochote kilicho karibu, kheri au kinyesi,
huingia nayo.

Mimi nilifundishwa haya kwenye kitotoleo.
Baba hakufundishwa.
Baba ana kitambaa cha jikoni, cha mistari ya buluu,
na karai la maji ya kisima, baridi kama chuma cha shoka.
Jioni, redio ikisoma bei ya mahindi,
hufuta mayai yaliyotagwa sakafuni,
moja,
moja,
kama anayemfuta mtoto makamasi,
ili lori la kampuni lisione doa.

Kwetu kazini hatufuti.
Tunanawa hadi viwikoni, tunavua hata pete,
tunayapanga, ncha chini,
tunafunga mlango na kuwasha ukungu wa dawa
unaonuka siki.
Silvério husema: kama padre anayefukiza altare,
ila hapa anayekohoa ndiye mwenye dhambi.

Siku ya kumi na nane, tukihamisha trei,
moja lilimpasukia mkononi.
Lilikuwa safi kuliko yote.
Uvundo ukatushika nywele,
rojo la kijani likawarukia majirani tisini na watano.
Nikasoma lebo. Banda la kumi na nne. Bortoluzzi.
Silvério akaisoma pia,
kisha akasoma jina kifuani pangu.
Nikaandika: chanzo hakijulikani.

Jumapili nilipanda kilimani na hotuba kamili:
bakteria, maji baridi,
utando ambao kuku humvisha mwanawe
na kitambaa humvua.
Baba akaniwekea ugali wa manjano na jibini,
akanitazama nikila.
"Ya sakafuni niyatupe?"
"Yatenge tu, Baba."
"Kutenga na kutupa ni mtu na kaka yake."
Hotuba ikanikwama pamoja na tonge.
Tukashuka bandani, tukabadilisha maranda ya viota
mpaka giza, bila neno.

Jumatano trei zake zilifika,
pungufu kwa mayai ishirini na mawili.
Hakuna lililong'aa. Hapa unyoya, pale vumbi kavu.
Na chini kabisa, kimekunjwa mara nne,
kikavu,
kitambaa.

Nilivua glavu ili nikishike.
Halafu nikanawa upya, hadi viwikoni.