Sifuri ya Nini

Swali la saba lilikuwa fupi:
chaji mbili chanya, zinalingana,
na katikati yao nukta P.
Taja ukubwa wa uga wa umeme hapo. Taja potenshali.
Nikajibu sifuri. Na sifuri.
Mwalimu Aikaruwa Temu alinipa moja kati ya nne,
na kando ya sifuri ya pili, kwa wino mwekundu:
Sifuri ya nini?

Sikumuuliza. Matokeo yakatoka, nikabaki nyumbani.
Mama alinitazama wiki mbili akichambua kahawa,
kisha mjomba Ndekirwa akaniazima buti
zilizouzidi mguu wangu namba nzima.
Ya kulia niliijaza karatasi kisiginoni.
Karatasi ilikuwa ile.

Geti la Marangu wanapima mzigo: kilo ishirini.
Aliyeubeba hawampimi.
Ndani ya msitu nikaanza kuhesabu kwa magoti:
hapa hatua kumi, kimo kimeongezeka kidogo;
hapa hatua kumi zilezile, na moyo uko kooni.
Goti halijui uko juu kiasi gani.
Goti linajua mwinuko, basi.
Na chaki ikakwaruza tena kichwani mwangu:
"Uga ni mteremko wa potenshali!
Volti kwa mita, si volti!
Na ile alama ya kutoa msiniibie:
chaji chanya ukiiachia, inashuka."

Horombo, jioni, tukabishana tumepanda kiasi gani.
Kiwia mpishi alihesabu kuanzia baharini,
bahari ambayo hajawahi kuiona.
Mjomba alihesabu kuanzia mlangoni kwa mama yake, Mamba.
Mimi, stendi ya Moshi.
Majibu matatu, na hakuna aliyekosea.
Lakini mlima wa kesho ulikuwa mkali vilevile
kwa sisi sote watatu.

Siku ya tatu ardhi ikalala.
Mbele Kibo, kulia Mawenzi na meno yake,
katikati uwanda wa mawe na upepo,
hata jani la kujifichia hakuna.
Kitabuni, mzigo ukienda usawa
kazi dhidi ya uzito ni sifuri.
Shingo yangu haikusoma kitabu hicho.

Ndipo chungwa la mgeni likadondoka mfukoni mwake.
Juzi, juu ya Mandara, lilidondoka jingine likatuaga,
tukalisikia likigonga mzizi, jiwe, mzizi, kisha kimya.
Hili lilisimama.
Halikuteremka kutoka Kibo, halikuteremka kutoka Mawenzi;
kama mtu anayesukumwa na ndugu wawili,
mmoja huku, mmoja kule, kwa nguvu moja,
na kwa nje ungedhani amepumzika.
Lingesogea tu kuelekea Horombo, lingeondoka.
Na tulikuwa karibu zaidi na Mawenzi,
maana mkubwa husukuma mbali:
mahali pa kutulia huangukia kwa mdogo.

Nikatua mzigo nikacheka.
Mgeni akadhani namcheka yeye.
"Beba," mjomba akasema, "jua halikusubiri."
Lakini nilikuwa nimeinama juu ya chungwa
nikiangalia pale lilipo:
chini yake, mita zaidi ya elfu nne za mlima,
msitu, kahawa, mifereji, stendi, mama,
kimo chote tulichokilipia kwa jasho,
na halikuwa na pa kwenda.

Usiku, kibandani chini ya Kibo, nilivua buti.
Karatasi imelowa, wino mwekundu umetambaa,
swali la saba limebaki na alama ya kuuliza peke yake.
Kalamu iligoma kwa baridi.
Nikaipasha kwapani, nikaandika pembeni:

Ya mteremko, mwalimu.
Kimo kipo.
Kinaniuma kichwa.