Robo Iliyobaki

Majiko yalipangwa mstari mmoja kama farasi mnadani,
vifuniko vikimeta, bei zikining'inia shingoni.
Marlys alifunua kimoja, akakifunga, akausikiliza mlio wake
jinsi mtu agongavyo tikiti maji.
Kijana wa duka, Gurveer kwa kibandiko cha kifuani,
alituuliza neno moja tu:
"Mtungi au bomba?"

Nilidhani jibu ninalo.
Miaka tisa nimebeba mitungi, nimeitikisa,
nimeimwagia maji ya moto ubavuni
nikapapasa mahali ubaridi unapoanzia,
nijue kumebaki nini,
na bado imenizimikia soseji zikiwa nusu mbichi,
shemeji zangu wameshika sahani,
ndimi wameshindwa kuzishika.

Nikamsimulia Januari ya hapa Saskatoon:
hasi thelathini na tatu, mimi na koti na koleo,
mtungi umejikunyata, gesi imegoma kuamka,
moto umenywea, mdogo, wa buluu,
kama ua la kitani.

"Bomba halijui baridi," Gurveer alisema.
"Gesi inatoka ardhini, haiishi, huibebi.
Ila ukishaunga, umeunga. Jiko halitoki pale.
Na msije mkabadilisha nyumbani kwa bisibisi na ujasiri:
hili la bomba matundu yake ni mapana,
lile la mtungi ni membamba.
Chagueni hapa."

Chagueni hapa.

Sikumtazama Marlys. Naye alikuwa akisoma karatasi ya dhamana
kana kwamba ameandikiwa yeye, kwa mkono.
Tangu Machi iko barua kwenye droo ya vijiko.
Halifax. Hospitali. Mshahara kwa wino mweusi.
Nasi huivuta droo, tukachukua vijiko,
tukairudisha taratibu, kama kuna mtoto amelala.

Nikasema, "Fundi atataka dola mia sita kutoboa ukuta."
Akasema, "Mtungi unaweza kwenda popote."
"Popote wapi?"
"Kwa kina Hnatiuk. Ziwani. Nimesema tu."

Gurveer, ambaye hajaoa, alidhani tunahofia usalama.
"Propani ni nzito," akatufafanulia.
"Ikivuja hutambaa, huteremka ngazi,
huingia chumba cha chini ikangoja.
Ya bomba ni nyepesi.
Ikivuja hupanda, ikaenda zake."
Tulinyamaza wote wawili,
kila mmoja akijua mwenzake ni ipi.

Ni yeye aliyeweka kiganja juu ya boksi la bomba.
"Hili," alisema. Aliliambia boksi.

Fundi alikuja Jumanne, akauliza vali ikae wapi.
Mimi: karibu na mlango.
Marlys: hapana, chini ya dirisha la jikoni,
"nimwone akiunguza."
Sikuuliza, kwa miaka mingapi.

Moto wa kwanza uliwaka bila kukohoa.
Soseji ziliiva pande zote; shemeji walikosa la kusema,
wakasema juu ya mbu.
Barua haipo tena kwenye droo.
Imekwenda posta au imekwenda jalalani,
na kati ya posta na jalala
kuna kilomita elfu nne na ushei.

Ila mtungi wa zamani ungali bandani, kutu shingoni.
Nilitaka kuurudisha dukani, nipewe dola zangu kumi.
"Uache," alisema Marlys, mikono ndani ya povu,
mgongo kwangu.
"Una robo bado."

Usiku mwingine, akishalala, hutoka na birika.
Humwaga maji ya moto ubavuni, polepole,
juu kuja chini,
nikapapasa.
Hakusema uongo.
Ubaridi unaanzia pale pale.